Kiti cha Pembeni

Jumamosi hiyo kituo cha mafuta kilijaa mpaka nje. Gari jeusi, la chini, linalometameta kama kijiko kipya, likaondoka langoni kwa mngurumo. Matairi ya nyuma yakapiga yowe, moshi ukatanda, na gari lenyewe likasogea kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Binti mmoja kwenye foleni ya kujaza upepo akacheka. Alivaa gauni la manjano la kwenda harusini na viatu vya kisigino, na mkononi alishika geji ya kupimia upepo. Alikuwa fundi matairi, binti wa fundi matairi, na geji ile haikutoka mkobani hata siku ya sherehe.

Kijana aliyekuwa kwenye usukani akasimamisha gari, akashusha kioo. "Dada, nimekuchekesha?"

"Wewe hapana. Gari yako inapika tu, haiendi."

"Hii hapa? Nguvu zake unazijua?"

"Nazijua. Zinaishia kwenye moshi. Unakanyaga mafuta kama unaua nge. Kanyaga kama unajaribu maji kwa kidole, tairi likishika ndipo uzame."

Kijana akamtazama kuanzia kisigino hadi geji. "Na jina lako nani, mwalimu?"

"Niite vyovyote, Bwana Moshi."

"Basi wewe Bibi Upepo."

Majina yakanata. Kesho yake gari jeusi lilikuwa gereji kwa baba yake binti, na kesho kutwa, na siku nyingine lisipokuwa na ugonjwa wowote. Kijana alitaka kitu kimoja: kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita mia kwa saa chini ya sekunde nne, kwenye mashindano ya uwanja wa ndege wa zamani. Ili gari liwe jepesi, wakatoa spea, wakatoa jeki, wakatoa spika kubwa za nyuma. Mwisho kijana akafungua kiti cha pembeni, akakitoa.

"Hata mimi nimekuwa mzigo?" binti akauliza.

"Wewe ni mzigo wa moyoni, mpenzi. Huo haupimwi kwenye mizani."

"Maneno yako yana moshi kama gari yako." Lakini usiku alilala akitabasamu.

Siku ya mashindano, madereva wakiwa mkutanoni, binti aliinama akapunguza upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma, yapate kulala vizuri na kung'ata lami. Hakusema. Alitaka mpenzi wake ashangae mwenyewe.

Kijana alishangaa kweli, ila vibaya. Alikuta matairi yamelegea, na mtu akamnong'oneza kuwa yule binti alionekana pale, na kaka yake binti naye anashindana. Akayajaza upya. Taa ilipowaka, moshi ukatanda kama siku ile ya kwanza, na kaka mtu akamwacha mbali.

Simu ya binti ikalia akiwa upande wa mafundi, na nyuma ya sauti ya kijana alisikia watu wakisikiliza.

"Umenitolea upepo ili kaka yako ashinde?"

"Umemaliza?"

"Nijibu."

"Jina la baba yangu limeandikwa mlangoni kwa rangi, halijaandikwa kwa wizi. Kapime matairi ya gari ya kaka yangu." Akakata.

Alisimama kando ya sanduku la vifaa, mikono kifuani, kichwa juu. Kwa mbali alimwona kijana akichuchumaa nyuma ya gari la kaka yake na geji. Akapima tairi moja, akapima la pili, akabaki amechuchumaa. Upepo ulikuwa uleule mdogo ambao binti alimwekea, naye akauharibu kwa kujaza.

Akaja mbio na jasho, shati jeupe limemganda mgongoni. "Nisamehe."

"Ulinitukana mbele za watu, kisha unakuja kuniomba msamaha pembeni?"

Hakubisha. Akaenda kwa mtangazaji, akaomba kipaza sauti. "Jamani, nimemsingizia fundi wangu. Matairi aliyapanga sawa, mimi nikayaharibu kwa ujinga. Akikubali kuyapanga tena, nitakimbia mbele yenu."

Uwanja mzima ukamgeukia binti. Akajongea taratibu, akiwa ndani ya bwelasuti iliyopigwa pasi, akainama kwenye matairi ya nyuma na geji yake.

"Nami nilikosa," akasema chini kwa chini. "Ningekwambia. Haya, maji kwa kidole."

Taa ikawaka. Safari hii hapakuwa na yowe wala moshi. Gari lilichutama, likang'ata lami, likatoweka. Mtangazaji akasoma saa, akasoma tena: chini ya sekunde nne. Kaka mtu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Simu ya binti ikalia. "Mwanangu," baba akasema, "mteja kaniambia umetangazwa huko. Kwa heri au kwa shari?"

"Kwa heri, baba."

"Najua. Nilitaka kusikia tu."

Alipogeuka, kijana alikuwa amepiga magoti kando ya gari, spana mkononi, anarudisha kiti cha pembeni.

"Litakuwa zito tena," binti akasema.

"Acha liwe zito. Kiti kimepata mwenyewe, kama mwenyewe atakubali, na kama baba yake atanifungulia mlango nikija na wazee wangu."

Binti akakitikisa kile kiti kwa mkono mmoja.

"Kaza vizuri, Bwana Moshi. Mimi sikalii kiti kinachocheza."