Kiti cha Rubani

Ndege ya mafunzo iliyowekwa katikati ya makumbusho ya chuo haikuwa na injini wala tangi, lakini asubuhi hiyo ukumbi mzima ulinuka mafuta. Mhadhiri aliyeyasimamia makumbusho hayo akafungua madirisha na kuwanung'unikia wafagiaji. Ndivyo walivyo wasomi. Jambo likikosa maelezo, hutafutiwa mfagiaji.

Ndege hiyo aliiunga mwenyewe kwa vipande vya ndege mbalimbali, kusudi watoto wa shule wapande na kushika usukani. Kiti alikitoa kwenye mabaki ya ndege iliyomuua rubani kijana. Mama wa marehemu alimfuata ofisini.

"Damu ya mwanangu imo humo, binti yangu. Nipe nikaizike."

"Pole sana, mama. Ila kiti ni mali ya chuo."

Bibi wa watu akaondoka hata maji hakunywa. Mhadhiri akakisugua kiti kwa sabuni, akakishonea kitambaa kipya, akakifunga ndegeni. Roho haikumsuta hata kidogo.

Asubuhi hiyo ya ufunguzi, wageni wakiwa nje wanakunywa chai, binti yake wa pekee alipanda kupigwa picha. Mkanda ukajifunga wenyewe.

"Mama, unanibana."

Mhadhiri akavuta kifungo, hakikuachia. Harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na kutoka kwenye vipokea sauti vya rubani, ambavyo waya wake ulikatwa zamani, ikaja sauti ya kijana, ya chini, isiyo na haraka, ikimuuliza kama anamkumbuka mwanamke aliyemwomba kwa upole naye akamjibu habari za mali.

"Nitampelekea kiti," akanong'ona. "Leo hii, naapa."

"Amekufa Jumapili. Mpaka mwisho alikuwa anakiomba."

Akashika mkasi wa kukatia utepe wa ufunguzi akajaribu kukata mkanda na mkasi ukateleza kama unakata maji, akang'ang'ana kwa kucha, kwa meno, huku mtoto akihema kwa shida na midomo ikimpauka, na yeye akilia kwamba achukuliwe yeye, mtoto hana kosa, achukuliwe yeye.

"Wewe sikutaki," sauti ikasema.

Mkanda ukaachia. Mtoto akashuka mzima, bila hata mkwaruzo. Mama akamkumbatia, akimwita majina yote ya utotoni. Mtoto akajitoa mikononi mwake taratibu, kama mtu ambaye mgeni njiani amemfananisha na mwingine.

"Shikamoo," akasema. "Samahani, mama yangu mmemzika wapi?"