Maji ya Wali Kwenye Barabara ya Warumi

Gari lilikuwa limeondoka Brockley Hill dakika kumi tu, Jokha alipoisikia harufu ya kuku aliyetumbukizwa maji ya moto ili anyonyolewe. Ndani ya gari hamkuwa na kuku. Mlikuwa na sufuria ya wali, achari na chupa ya chai.

Ilikuwa Agosti, mwaka 1996. Muhiddin, mumewe, aliyekuwa dereva wa basi, alikuwa amekodi kwa Balwinder wa Tooting gari lenye vitanda na jiko ndani, ili wafuate barabara ya kale ya Warumi. Barabara yenyewe ilipita karibu na mlango wao pale Kilburn. Walikuwa wakisimama kwenye kila gofu na kila jiwe ambalo mwalimu wa binti yao aliliandika kwenye karatasi ya kazi ya likizo. Binti huyo, Ibtisam, alikuwa na miaka minane, na hawakuwa na mwingine.

Brockley Hill walisimama wakapika. Jokha alichuja wali, akashuka na maji yakitokota, akayamwaga kwenye majani, nyuma ya jiwe walilokuja kulitazama.

Kwao Wete, kisiwani Pemba, hata mtoto mdogo anajua kwamba maji ya moto hayamwagwi ardhini kimya kimya. Kwanza unataja jina la Mungu, unawaomba wasioonekana wasogee na watoto wao, ndipo unamwaga. Lakini kwa miaka kumi na miwili Jokha alikuwa akimwaga maji kwenye sinki la Kilburn, na sinki haliombwi ruhusa.

"Muhiddin," alinong'ona, "sikusema bismillahi."

"Wapi?"

"Kule kilimani. Maji ya wali."

Muhiddin akacheka hadi usukani ukayumba. "Mama Ibti! Majini wa Kirumi hao. Walishafunga virago kabla babu yako hajazaliwa."

Kule nyuma, Ibtisam hakucheka. "Mum," alisema, "there's a baby crying."

Muhiddin akazima redio. Wote watatu wakakisikia kilio, chembamba, kikitoka chini ya sakafu. Walisimama, wakachungulia chini ya gari, wakaona lami tu. Walipopanda tena, Ibtisam alikuwa ameinua mikono yake miwili mbele ya uso, akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, maana ngozi ilikuwa ikiwiva mbele ya macho yao, malengelenge yakipanda kutoka kwenye vidole hadi kwenye viwiko, moja baada ya jingine, bila moto, bila mvuke, na ile harufu ya kuku ikijaa garini mpaka Jokha akaionja ulimini.

Muhiddin aligeuza gari.

Hawakwenda hospitali. Walikwenda kwa Bi Mardhiya, jirani yao, aliyekuwa fundi wa majini Pemba na ambaye sasa alikuwa akisafisha maofisi Croydon. Alifukiza ubani, king'ora cha moshi kikalia, akakipiga kwa fimbo ya ufagio mpaka kikanyamaza. Kisha akamwinamia mtoto.

"Wataka nini, bibi?"

Ibtisam, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kumjibu mtu kwa Kiswahili, alifungua kinywa, na sauti ya mwanamke mzima ikatoka, taratibu, kwa lafudhi ya Wete.

"Wangu alikuwa kalala. Huyu kammwagia maji, na mumewe kacheka. Namtaka wake."

Muhiddin alipiga magoti. "Nitachinja mbuzi. Nitachinja ng'ombe!"

"Mie sina njaa."

Hapo Jokha alisogea. Kazi yake ilikuwa kuwauguza wazee katika nyumba moja ya kulelea, na hakuwa na kingine cha kutoa. "Kosa ni langu," alisema. "Nipe mtoto wako nimuuguze."

"Usiahidi, mwanangu!" Bi Mardhiya alimshika bega. "Hawa hawasamehe ahadi!"

"Akipona, tumemalizana," sauti ilisema. "Akikufia, nitamchukua wako, kwa maji ya namna ile ile."

"Nimekubali."

Malengelenge yakanywea. Ibtisam akalala. Na kwenye mapaja ya Jokha kikashuka kitu kisichoonekana, kizito, chenye joto kama mkate uliotoka tanuri, kikaanza kulia.

Miaka kumi Jokha alikiuguza. Aliacha kazi. Mama yake alizikwa Wete bila yeye, kwa kuwa majeraha yalitaka kuoshwa asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu, yakapakwa asali, yakafunikwa kitambaa cha pamba. Yalifunga, yakafunguka tena. Wakati mwingine kidole kidogo kilimshika kidole chake. Alianza kumpenda, hilo hakumwambia mtu.

Septemba 2006 Ibtisam alikwenda chuo kikuu, Leicester. Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, Jokha alipeleka mkono kwenye kapu la kulalia, akakuta baridi. Alingoja pumzi moja. Akangoja nyingine. Kisha akakimbilia simu akiwa na asali vidoleni, akibonyeza tarakimu na kuzikosea, akianza upya, akiomba Mungu binti awe darasani, awe njiani, awe popote pasipo na jiko, na simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Ibti! Mwanangu, toka jikoni!"

"Taratibu, mama mwenzangu," alisema mwanamke, kwa upole, kwa lafudhi ya Wete. "Ulimtunza vizuri wangu, nimeona. Basi wako sitamchelewesha kwenye maumivu."

Nyuma ya sauti hiyo birika lilikuwa likichemka. Na kwa mbali Jokha alimsikia Ibtisam akiuliza kwa Kiingereza, kwa furaha, mgeni wake anatia vijiko vingapi vya sukari.