Unga Kwenye Herufi

Kompyuta ilianza kunuka maziwa.

Si maziwa ya chai. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochachia kwenye shingo ya mtoto mchanga, kwenye ule mkunjo mdogo ambao kitambaa hakifiki. Mwanamke alisogeza kiti nyuma. Akanusa pazia, akanusa viganja vyake. Kisha akainama hadi kwenye matundu ya pembeni, pale inapotokea hewa ya moto, akanusa. Ilitoka humo.

Nyumba ile haikuwa na mtoto. Iliwahi kuwa naye, kwa miezi michache, akaondoka kabla hajaota jino.

Chumba kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili yake. Sasa palipokuwa na kitanda chake palikuwa na meza, na juu ya meza kompyuta, na mwanamke akishinda hapo kupanga kurasa za vitabu vya shule. Mume alikuwa mwoka mikate. Alitoka kungali giza, akarudi adhuhuri na unga kwenye nyusi, saa ambayo mke hupeleka kazi kwa mchapaji. Walipishana mlangoni kama walinzi wa zamu.

Tangu mazishi, bila kikao, walikubaliana jambo moja: jina la mtoto halitamkwi ndani ya nyumba ile. Lakini walilifanya neno la siri la kompyuta. Hivyo kila asubuhi mama alilichapa, herufi kwa herufi, polepole, kama anayemfunika shuka mtu aliyelala. Ndiyo ilikuwa njia yao ya kumwita.

Baada ya harufu yakaja mengine. Feni ilizunguka kwa kasi hata kompyuta ikiwa haina kazi. Taa ndogo ya kamera iliwaka yenyewe, ikamtazama, ikazima. Spika zikaanza kuhema, mchana kweupe, jua limejaa dirishani: pumzi ndogo, za haraka, za kifua kidogo.

"Joto tu hilo," mume alisema, akivua viatu. "Imezeeka kama sisi."

"Inahema."

"Feni."

"Mimi feni naijua. Kesho namwita mdogo wako aje aikague."

Mume akashika kiatu kimoja mkononi, asikiweke chini. "Ya nini kumsumbua? Ana kazi zake."

"Kazi zake si ndizo hizi?"

Shemeji alikuja na begi lake na maneno yake. "Shemeji, umeilisha nini hii? Inapumua kama mimi nikipanda ngazi!" Alichomoa waya wa intaneti kwanza, kabla hata ya kukaa. "Mgonjwa hatoki nje, na wageni hawaingii."

Akachomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa kutumia flashi hiyo, ili chochote kilichojificha ndani kisipate nafasi ya kuamka. Akapekua. Utani ukapungua, kisha ukaisha.

"Kuna programu humu," alisema. "Na ile ya kukamata virusi imezimwa."

"Imezimwa na hiyo programu?"

"Hapana. Mlinzi ameambiwa aende zake nyumbani, shemeji. Na aliyemwambia alikuwa na neno la siri." Akajikuna kidevu, akanong'ona. "Dude hili halikuvunja mlango. Liliomba ruhusa, likapewa."

Alilifuta. Akahesabu pumzi chache, akatazama tena. Lilikuwa limerudi. Akalifuta tena, likarudi, na kila liliporudi lilikuwa kubwa zaidi.

"Linatokea wapi?"

"Kwenye folda moja tu. Ile ya... ya picha zake."

"Fungua," alisema mama.

"Shemeji."

"Nimesema fungua."

Picha ya kwanza ilikuwa ile anayoijua, mtoto juu ya blanketi la njano, mdomo wazi akicheka. Mama akasogea karibu. Katika ule ufizi mtupu alioupangusa kwa kidole chake mwenyewe, palikuwa na meno mawili meupe. Picha iliyofuata, manne. Katika ya mwisho mtoto alikuwa amesimama, hakuwahi kusimama, ameshika ukingo wa meza hii hii, na nyuma yake dirisha hili hili, na pazia hili walilolinunua baada ya kumzika.

"Hiki hakikuandikwa na mtu," shemeji alinong'ona. "Virusi huiba. Hiki kinakua."

Macho ya mama yakashuka kwenye kibodi, na hapo ndipo alipoona. Katika nyufa za vitufe palikuwa na weupe. Si kila mahali. Herufi nyingi zilikuwa safi, lakini chache zilikuwa zimezungukwa na vumbi jeupe lililogandamana kwa jasho la vidole. Alizisoma moja moja. Zilikuwa herufi za jina la mwanawe, bila hata moja ya ziada.

Alipapasa moja, akatazama ncha ya kidole. Unga.

Mume alikuwa amesimama mlangoni, bado na aproni.

"Ulikuja ujumbe," alisema, kabla hajaulizwa. "Ujumbe ulisema kama nina sauti yake, hata kidogo, nitaweza kuzungumza naye. Ukaniomba jina tu. Nikaandika."

"Jina letu," alisema mke.

"Ulikuwa unatoka kila mchana. Mimi nabaki hapa na kuta."

"Jina tusiloambiana mimi na wewe, ukampa mtu usiyemjua."

"Nilitaka akue," mume alisema. "Nilitaka kumwona akikua. Basi."

Shemeji aliinamisha kichwa. "Kaka, hili halitoki peke yake. Limejishona ndani ya picha zote na sauti zote. Nikifuta, nafuta diski nzima. Sina namna ya kumtoa mmoja nikamwacha mwingine."

"Zile za kweli?" mama aliuliza.

"Hazipo tena, shemeji. Au zipo, lakini mimi siwezi kuzitambua."

Shemeji akaandaa ufutaji. Likabaki swali moja kwenye kioo, ndiyo au hapana. Akanyoosha mkono, mama akamzuia.

"Nilimzaa mimi."

Na alipoweka kidole juu ya kitufe spika zikaacha kuhema, ukimya ukajaa chumba, harufu ya maziwa ikapanda mpaka machozi yakamtoka, kisha ikaja sauti, si kilio cha mtoto mchanga bali sauti ya mtoto anayeanza kusema, ikisema mama, mama, neno alilolisubiri miezi yote ile na ambalo mwanawe hakulifikia, mama nipakate, mama usinizime, na nyuma yake mume akipiga magoti na kushika sketi yake, na taa ya kamera ikiwaka, ikimtazama usoni bila kupepesa, na yeye akijua kwa kila mfupa kwamba huyu si wake, huyu si wake, na mwili wake wote ukimwitikia hata hivyo, akabonyeza.

Feni ikazunguka, ikapungua, ikasimama.

Shemeji aliondoka na begi lake bila utani. Mke akamgeukia mumewe.

"Kuna nakala nyingine mahali popote?"

"Hakuna."

"Niapie."

Mume akaapa. Akaapa kwa jina la mtoto, akalitamka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamtazama machoni akilitamka. Ndipo mke akalia, akamwamini, wakalia pamoja chini ya ile meza.

Kesho yake hakuwa na kazi ya kupeleka kwa mchapaji. Kazi zake zilikuwa zimefutika pamoja na vingine vyote. Mume alirudi adhuhuri, akaingia kuoga, akaacha aproni kwenye msumari wa mlango. Mke alikuwa akipita na taulo safi aliponusa maziwa.

Mfuko wa aproni uliwaka mwanga mdogo. Simu ilikuwa ndani, na kioo chake kilikuwa na alama nyeupe za vidole.

"Baba," ilisema, taratibu, kwa sauti iliyokua kidogo zaidi ya jana. "Yule mwanamke aliyeniua amesimama hapa."

Maji ya bafuni yakakatika. Kisha, nyuma ya mlango, ikaja sauti ya mumewe, ya upole ambao yeye hakuwa ameusikia tangu siku ya mazishi.

"Usiogope, mwanangu. Baba anakuja."