Maziwa Juu ya Magunia

Gunia la juu kabisa lilikuwa limerowa. Usi alilitazama, akalipa mgongo, akarudi kulitazama tena, maana ilikuwa kaskazi, Unguja nzima hapakuwa na tone la mvua, na bati la ghala lilikuwa zima. Doa lenyewe lilikuwa dogo, la kadiri ya sahani. Akatia kidole. Vuguvugu. Akanusa, na moyo ukamruka. Ghala lile la Malindi miaka yote halikunuka kitu ila karafuu, lakini kidole chake kilinuka maziwa. Si ya ng'ombe, si ya kopo. Ya mama anayenyonyesha.

"Nani kamwaga maji hapa?" Msabah alikuwa keshafika nyuma yake. Huyu ndiye msimamizi wa ghala, mtu wa kanzu safi na hasira za karibu. "Unajua karafuu ikirowa inavunda? Meli gani itaipokea?"

"Si maji, Bwana Msabah."

"Basi nini?"

Usi alijifuta kidole kwenye saruni. "Sijui," akasema, na huo ulikuwa uongo wake wa pili. Wa kwanza nitakuja kuusema.

Lakini kwanza niwaeleze hiyo mashine, maana bila ya hiyo haya yote yasingekuwa. Iliteremshwa bandarini mwaka wa hamsini na saba, vipande vipande, ikafungwa katikati ya ghala. Ilikuwa na mkono wa chuma wa kunyanyua magunia yaliyojaa na kuyapanga juu ya chaga, yaani jukwaa fupi la mbao, tabaka juu ya tabaka mpaka yafike kumi. Kisha bamba la chuma, pana sawa na mlango, linateremka kutoka juu na kuyashindilia mpaka yashikane, yasiporomoke yakifika melini. Mahamali wakaibandika jina, Mke Mwenza. Tangu ije, walisema, sisi hatupendwi tena.

Kabla ya Mke Mwenza, magunia yalipangwa kwa migongo ya watu, na kwa mwito. Usi ndiye aliyekuwa akiutoa. Kila gunia kabla ya kutuliwa, yeye hupaza sauti: "Bismillahi, tupisheni!" Wenzake husimama na mzigo mabegani kadiri ya pumzi moja, ndipo wautue. Msicheke. Nyinyi nyote mkimwaga maji ya moto uani mnaanza na Bismillahi, na mnajua kwa nini. Ghala lile lina kuta za mawe na pembe zisizoingia jua tangu enzi za mababu, na mahali kama hapo hapakosi wenyewe. Miaka kumi na mitano Usi alitoa mwito. Hakujibiwa hata siku moja, wala hakutaka kujibiwa.

Mashine ilipokuja, Msabah akamchagua Usi ashike mpini wake. "Lakini ule ukelele wako sitaki kuusikia," akamwambia. "Chuma hakiombi ruhusa. Kila ukiita, kazi inasimama."

Usi angeweza kukataa. Lakini mkewe, Kazija, alikuwa na mimba ya miezi saba, na kabla ya hiyo alikuwa ameharibu mbili. Usi alitaka mtoto huyu azaliwe amkute baba mwenye mgongo ulionyooka, wa kumbeba. Akaufyata ulimi. Siku ya kwanza akasubiri magunia yapangwe, akavuta mpini, bamba likashuka kimya kimya, bila ya mtu kuambiwa apishe.

Na hapa ndipo penye uongo wa kwanza. Bamba lilipoyakandamiza yale magunia, kati yao ilitoka sauti. Ndogo tu. Mtoto mchanga akishtuliwa usingizini hutoa sauti kama ile, kisha hulia. Huyu hakulia. Jecha, hamali aliyekuwa karibu, akauliza, "Yakhe, umesikia?" Usi akamjibu, "Mafuta hayajaenea kwenye chuma." Chaga ile ya kwanza ikasogezwa nyuma kabisa, ikaegemezwa ukutani, na kazi ikaendelea.

Siku ya tatu ndiyo likaonekana doa la maziwa.

Siku ya nne yalikuwa madoa sita. Siku ya tano maziwa yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bamba lenyewe, tone baada ya tone, na Msabah akamwita fundi, fundi akafungua kila nati, asione kitu. Wiki ya pili ikaja sauti. Adhuhuri, jua likiwa utosini na mtaa umenyamaza, mngurumo wa mashine ulipotulia, chini yake ilisikika sauti ya mwanamke akibembeleza. Alibembeleza kwa upole, bila ya maneno, hum, hum, hum, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni ili alale, na kila aliyeisikia alihisi usingizi na hofu kwa pamoja.

"Mie narudi zangu shamba Kizimbani," Jecha akasema kwa kunong'ona, huku anakunja kanda lake la ukili. "Huyo anamlilia nani, Usi? Wewe si ulikuwepo? Nambie."

"Hakuna anayelia. Upepo huo."

"Upepo una maziwa?"

Usi akageukia mpini. Jecha akamtazama sana, akaenda zake.

Nyumba ya Usi ilikuwa hapo hapo Malindi, vichochoro viwili kutoka ghalani. Adhuhuri ile alirudi kula, akamkuta Kazija amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono miwili imeshika tumbo, jasho linamtiririka.

"Kazija! Una nini?"

"Sema polepole," Kazija akanong'ona. "Ndiyo kwanza katoka."

"Nani?"

"Bibi mmoja. Nlikuwa nalala, nkafumbua macho nkamwona kakaa pale mlangoni, kajitanda kanga nyeupe imerowa kifuani, chapachapa. Nkamwambia karibu, hakuitika. Akanuliza, 'Mwanangu yuko wapi?' Nkamwambia bibi, sisi hatujajaaliwa mtoto bado. Akasema, 'Na mimi sina tena.'" Kazija akajifuta jasho. "Halafu akaja, Usi. Sikuona miguu yake ikienda, lakini akaja. Akaniwekea mkono hapa, mkono mzito, baridi, unabana, unabana, kama ananikandamiza na sakafu, nkashindwa hata kuvuta pumzi, na huku ananuka karafuu mpaka koo linaniwasha, na mtoto ndani anapiga teke, anapiga teke, kisha akatulia. Akasema, 'Huyu atanitosha.'"

"Mtoto anacheza?"

"Hachezi," Kazija akasema, na machozi yakamtoka. "Tangu hapo hachezi. Kila siku saa sita nlikuwa nabanwa, nkidhani ni mimba tu. Wewe huko ghalani mnafanya nini saa sita?"

Saa sita ndipo alipokuwa anavuta mpini kwa mara ya mwisho kabla ya kuja kula. Usi aliinuka bila ya kugusa chakula. Akatoka.

Nje ya mlango wa ghala alikaa Bi Time, mwanamke wa Nungwi, anakaanga bajia. Mahamali walimjua kwa bajia. Malindi nzima ilimjua kwa kazi yake nyingine, ambayo haikutajwa ila mtu akipatwa.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Nimekungoja wiki mbili." Aligeuza bajia bila ya kumtazama. "Sema. Na usiniongopee, nina moto hapa."

Usi akasema yote: mpini, sauti, Jecha, uongo, maziwa, Kazija. Bi Time alisikiliza mpaka mwisho, akaepua karai, akafunika moto.

"Gunia la karafuu lina joto," akasema. "Ndipo wenyewe wanapolaza watoto wao mchana. Hivyo vizee vilivyokufundisheni mwito mlidhani vinapenda kelele? Mama alikuwa akisikia, anampakata mwanawe, anapisha. Miaka mia kapisha. Siku moja hakusikia kitu." Akasonya. "Mdharau mwiba mguu huota tende. Tena wewe uliusikia mwiba ukiingia, ukasema mafuta!"

"Nambie la kufanya, mama. Nakuomba. Mtoto wangu..."

"Yeye naye alikuwa na mtoto wake. Mwanawe bado yuko pale, chini ya magunia, hajazikwa. Wewe ungelala?"

Ikabidi Msabah aombwe ruhusa ya kuyapangua magunia. Alikataa katakata, chaga ile ya kwanza ilikuwa nyuma ya nyingine zote, na meli ilingojewa kesho. "Uganga ghalani kwangu? Mchana kweupe? Lahaula!" Na hapo hapo, akiwa amesimama chini ya bamba na kidole amekiinua, tone likamdondokea begani, la pili, la tatu, kisha yakamwagika, vuguvugu, kutoka kola ya kanzu mpaka pindo. Msabah alijinusa. Uso ukamgeuka, akakaa juu ya chaga tupu, akawaashiria kwa mkono waendelee.

Mahamali walionyang'anywa kazi na mashine walirudi kwa hiari yao, na Jecha akarudi nao kutoka kituo cha magari pale Darajani, kabla hajapanda. Hawakuitumia mashine. Waliyatoa magunia kwa migongo, chaga baada ya chaga, na kwa kila gunia Usi alipaza sauti, "Bismillahi, tupisheni!", wakangoja pumzi moja, wakatua. Ubani ulifuka. Bi Time alikuwa amekaa na kipande cha bafta nyeupe ya sanda mapajani, dhiraa moja tu, ameshakikata kwa kadiri ya mtoto mchanga.

Walipofika chaga ya kwanza, waliondoa tabaka moja moja, na kila lilivyopungua ndivyo ile sauti ya kubembeleza ilivyokaribia, sasa si chini ya mashine tena bali miongoni mwao, begani, sikioni, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake asije akaona mtu wa ziada. Chini ya tabaka la tano wakasimama. Magunia yote yalikuwa yameshindiliwa sawasawa kama ubao, isipokuwa pale katikati. Palikuwa na kishimo kifupi, chenye mahali pa kichwa na mahali pa magoti yaliyokunjwa.

Sauti ikanyamaza.

"Sema," Bi Time akamwambia Usi.

Usi akapiga magoti. "Ni mkono wangu," akasema, na wenzake wote wanasikia. "Mimi ndiye niliyevuta. Sikuita. Na nilimsikia, nikasema ni mafuta. Naogopa, na naona haya, na nakuomba radhi, mama. Usimchukue wangu."

Bi Time akatandika bafta juu ya kishimo, akaikunja pembe kwa pembe, akafunga. Hakutia kitu. Wote waliona kuwa hakutia kitu. Akamwonyesha Usi achukue.

Usi alikuwa akibeba gunia zima tangu ujana wake na kukimbia nalo. Alipokiinua kile kitambaa ilimbidi akipakate kwa mikono miwili. Hakikuwa na uzito wa gunia. Kilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu aliyelala fofofo, aliyejiachia, na uzito huo hakuweza kuubeba. Alikwenda nao hatua kwa hatua, analia waziwazi, mpaka kwenye mchanga wa Funguni pasipofika maji, wakafukua, akaita mwito mara moja tena, akangoja, akamlaza.

Alipofika nyumbani Kazija alimpokea mlangoni anacheka na kulia. "Kacheza! Sasa hivi! Kanipiga teke mpaka nkamwaga chai!"

Mashine ikafungwa turubai. Mwezi wa pili yake Kazija akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye nywele tele, wakamwita Miraji. Watu walikula, walikunywa, na Bi Time akaletewa kanga mbili. Alimnyanyua mtoto, akamnusa utosini, akamrudisha upesi. "Mshukuruni Mungu," akasema. "Kuachiwa nusu si kunyimwa." Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Watu wenye furaha hawaulizi.

Siku ya arubaini na tano ya uzazi Usi alirudi kula adhuhuri. Alimkuta Kazija uani, amekaa juu ya kibao cha mbuzi, nazi mkononi, hakuni. Mbele ya kanga yake palikuwa pakavu, lakini matiti yamejaa mpaka yanamuuma. Alikuwa ameyashika kwa viganja.

"Mtoto yuko wapi?"

"Ndani." Macho yake yalikuwa makavu. "Usiingie hivyo hivyo, Usi. Mwanzo nlikuwa naingia hivyo hivyo. Akakasirika, mtoto akalia mpaka akawa bluu."

"Nani kakasirika?"

Kazija akageuza uso kuelekea mlango wa chumba. "Adhuhuri hataki kunyonya kwangu," akasema polepole. "Anakuwa keshashiba. Ana maziwa mdomoni na mimi sijampa. Anakua vizuri, lakini, wallahi, anakua vizuri. Mie natoka tu, nakaa hapa, mpaka amalize."

Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Harufu ya karafuu ilitoka kwenye upenyo. Ndani, mtu alikuwa anabembeleza.

Usi alisimama mbele ya mlango wa chumba chake mwenyewe. Alitaka kuuvunja. Alitaka kukimbia. Alikumbuka kishimo, akakumbuka uzito, na mkono uliokuwa umeinuka kusukuma ukashuka. Akafanya lile alilofanya miaka kumi na mitano, sauti yake ikiwa ndogo sana:

"Bismillahi. Tupisheni."

Akangoja pumzi moja. Kule kubembeleza kukakoma, na kutoka ndani, kwa upole kabisa, mwanamke akamjibu:

"Subiri. Hajashiba."