Kidole Kwenye Mkataba wa Limuzini

Asubuhi kwetu hupita mbio. Namvalisha mwanangu, nachemsha chai, nafua. Jioni nambeba mgongoni, tunakwenda darasa la watu wazima. Ndiyo maana mdogo wangu alipotaka kuolewa, mama alinituma mimi.

"Wewe sasa unajua kusoma. Nenda ukakodi limuzini, lile gari refu la maharusi."

Ofisini, karani alinionyesha picha. Gari jeupe, linang'aa kama sahani mpya. Kisha akanipa mkataba. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. "O-fi-si..."

Nyuma yangu mtu akacheka. "Dada, tutalala hapa?"

Uso ukaniwaka. Nikaondoa kidole, nikatia sahihi bila kusoma.

Siku ya harusi gari likaja. Lilikuwa refu kweli, lakini si lile la kwenye picha. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Mdogo wangu akainua shela lake apande.

"Subiri, bibi harusi!"

Alikuwa jirani yetu, dereva wa basi la shule. Sote tunamwita Mama Usukani. Alizunguka gari, akapapasa matairi.

"Haya yana vipara kumshinda babu yenu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alichungulia ndani. Mikanda ya viti haikuwepo. Akamgeukia dereva. Macho ya dereva yalikuwa mekundu.

"Kaka, umelala lini?"

"Juzi, mama. Jana nilikuwa na harusi mbili. Mwenye gari kaniambia nisikatae kazi."

"Kwani gari si la ofisi?" niliuliza.

"Ofisi haina gari hata moja, dada. Inakodi kwa watu. Si imeandikwa kwenye mkataba?"

Wote wakanitazama. Mama akasema polepole, "Mwanangu, hukusoma?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mdogo wangu alikwenda harusini kwa teksi ndogo, shela limekunjwa magotini. Alinishika mkono. "Tumefika wazima, dada." Hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake nilimweleza Mama Usukani ukweli. Niliona haya kusoma polepole mbele za watu.

"Mimi nilichekwa nilipojifunza gia," alisema. "Walicheka, wakaenda kwao. Safari nyingine uliza gari ni la nani. Lione kwa macho yako. Taka leseni ya dereva na bima ya gari. Uliza kama dereva atakuwa amelala. Na usitie sahihi kabla hujasoma."

Mwaka uliofuata kaka yangu alioa. Nilikwenda ofisi nyingine. Niliweka kidole, nikasoma kwa sauti.

"'Gari linaweza kubadilishwa.' Hapa futa," nilimwambia karani.

Alifuta. Akanipeleka uani. Niliona gari lenyewe, matairi, mikanda, bima. Dereva alinionyesha leseni. "Siku hiyo nina safari moja tu, ya kwenu," alisema.

Siku ya harusi lilikuja gari lile lile nililoliona uani. Bibi yetu alitafuta kamba mlangoni, hakuiona.

Nimesahau jambo moja la pale ofisini. Nilipokuwa nasoma, mzee mmoja nyuma yangu alikohoa. Uso ukaanza kuniwaka. Sikuondoa kidole. Nilipomaliza, aliniinamia sikioni, mkataba wake mkononi.

"Binti," alinong'ona, "nisomee na wangu."