Geti Jekundu Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro

Wengine watawapa ya kusikia. Mimi na huyu Fundi Ramani tulipakana ukuta, kwa hiyo nikisema, nimesema.

Kazi yake ilikuwa kwenye tovuti ya kutafutia mafundi. Watu huandika humo vile wanavyoongea: "fundi bomba nyuma ya shule", "fundi makochi jirani na stendi". Yeye aliufundisha mtambo kuchambua maneno hayo na kunasa mahali, ili mtu aelekezwe kwa fundi wa karibu. Na kila akiujaribu, kwa uvivu wake, aliandika kwao: geti jekundu nyuma ya kiwanda cha magodoro. Labda mara elfu. Hapo aliishi na dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao afariki.

Saa nne asubuhi, yuko ofisini, kikombe cha chai mkononi, akaona mtu kaandika: *mkono wangu wa kulia uko wapi*.

Maneno hayo hayakutaja mahali popote. Mtambo ulitakiwa kusema hivyo. Ukajibu: *geti jekundu nyuma ya kiwanda cha magodoro*.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Njooni mwone, mwanangu kalewa asubuhi asubuhi!" Akalifuta jibu.

Likaja swali jingine. *Nimefika getini. Chumba gani?*

Mtambo ukajibu: *Cha nyuma, penye cherehani.*

Chumba hicho hakuwahi kukiandika.

Akapiga simu. "Dada, kuna mtu hapo?"

"Kuna mteja mlangoni. Hana adabu huyo, anagonga kama anatumia kichwa."

"Usifungue," akanong'ona. "Dada, nakuomba."

"Wewe naye na utani wako. Ngoja nimwone."

Cherehani ikanyamaza. Komeo likalia. Kisha ukelele. Kisha ule mkasi mkubwa wa vitambaa, krach, krach, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Ulikwama kwenye mfupa. Ukarudia.

Alikimbia mguu mmoja una kiatu. Alikuta damu ukutani, damu kwenye gauni la bibi harusi lililokuwa mashineni. Dada alikuwa chini ya meza, hai, mkono wa kulia umeishia kwenye kifundo. Tuliutafuta mpaka mvunguni, tochi nimeishika mimi mwenyewe. Haukuwepo.

Alasiri, akiwa hospitalini, mwenzake wa ofisini akampigia.

"Kaka, yule mtu karudi."

"Kaandika nini?"

"*Umenitosha, asante. Na wa kushoto?*"

"Chomoa waya!"

"Nimeshauchomoa. Mtambo umejibu hivyo hivyo. *Wodi ya wanawake, kitanda cha nne.*"

Kitanda cha nne ndicho alichokuwa amekalia. Hakubanduka hapo tangu mchana. Hakuna aliyepita.

Akafunua shuka. Dada kalala. Kuzunguka kifundo cha mkono wa kushoto kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, wa chaki ya cherehani, kama fundi anavyoweka alama pa kukata.

Vumbi la chaki lilikuwa bado linadondoka.