Mwizi Aliyeogopa Geti

Sanduku halikuwepo, na kufuli la stoo halikuwa na hata mkwaruzo.

Inspekta Nasiba Amjad wa idara ya upelelezi, Malindi, aliinama akalitazama kufuli lile mara ya pili. Lilifunguliwa kwa ufunguo, kisha likatundikwa mahali pake kwa adabu. Ndani ya stoo ya klabu ya Nyota ya Mambrui mlibaki mipira, koni za mazoezi, na pande la sakafu lisilo na vumbi pale sanduku la bati lilipokuwa.

"Mlikuwa na nini ndani yake?" aliuliza.

"Jezi za mechi na kadi za wachezaji wote," alijibu kocha Tsuma, mtu mnene mwenye filimbi shingoni. "Jezi tutaazima, mama. Kadi haziazimwi. Refa asipoziona, hakuna atakayekanyaga uwanja. Ikifika saa kumi bila kadi, wapinzani wetu wa Kilifi wanapewa ushindi wa mezani."

"Halafu?"

"Halafu wanapanda daraja wao, na sisi tunabaki hapa tunakula mchanga."

Nasiba hakuwa mtu wa mpira. Nyumbani kwake mpira ulimaanisha soksi chafu chini ya kitanda na mtoto anayechechemea. Lakini wizi aliujua, na wizi huu ulikuwa na jambo lisilokaa sawa.

"Afande, njoo uone kioja," aliita Konstebo Kiponda kutoka nyuma ya stoo.

Ukuta wa uwanja ulikuwa wa mawe ya matumbawe, umezidi kidogo urefu wa mtu. Mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha, na ukungu wa kijani juu yake ulikuwa umekwanguliwa upya. Palikuwa na alama ya kamba iliyovutwa kwa nguvu. Kando yake, kwenye ncha ya jiwe, damu iliyokauka. Upande wa nje, mchanga ulikuwa umebonyezwa na pembe ya sanduku, na mstari wa gurudumu moja la toroli ulielekea majumbani hadi ukapotelea kwenye lami.

"Chukua sampuli ya damu," Nasiba alisema. "Piga picha hizo alama. Geti liko wapi?"

Kiponda alinyoosha kidole. Geti lilikuwa pale pale, hatua chache tu, limeachama. Lori la mchanga lilikuwa limeling'oa bawaba zamani, na hakuna aliyelifunga tena. Mbuzi watatu walikuwa wanapita bila kuulizwa.

"Kiponda, wewe ni mwizi. Ufunguo unao, sanduku ni zito, geti liko wazi. Utapita wapi?"

"Getini, afande. Na mluzi nitapiga."

"Huyu kalipandisha sanduku ukutani kwa kamba, tena kajichana mkono. Kwa nini?"

Kiponda alikuna kichwa. Swali likamkwama Nasiba kama mwiba wa changu kooni.

Funguo zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa nao kocha Tsuma. Wa pili alikuwa nao mwenyekiti, Mzee Shoeb Gulamhussein, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Malindi. Wa tatu ulikuwa kwa mweka hazina, Bwana Seif, karani mstaafu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni.

Alianza na mwenyekiti. Alimkuta amekaa ndani ya gari lake nje ya geti, mkongojo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mbona unapoteza wakati? Kamkamate Jimmy."

"Jimmy ndiye nani?"

"Meneja wa Kilifi. Jana alikuja hapa kumtaka Randu, nahodha wetu. Kila mwaka anakuja. Sisi tunalea, yeye anavuna. Wachezaji wake wanne wa leo ni watoto wa hapa hapa."

"Aliwanunua?"

"Kununua?" Mzee Shoeb alicheka bila furaha. "Aliwaonyesha mshahara. Wao wana mwenye hoteli anayewalipia kila kitu, hata maji ya kunawa. Sisi tuna duka langu na pilau ya Ijumaa. Lakini leo tungewaonyesha."

"Na wewe jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nyonga hii imepasuliwa juzi, binti, hata kitandani napandishwa."

Kabla Nasiba hajauliza lingine, wachezaji wa Nyota walitokea barabarani na mabegi yao. Walifika mbele ya geti lililo wazi. Hawakuingia. Walilizunguka, wakaenda nyuma ya goli, na mmoja mmoja wakaruka ukuta. Kocha Tsuma, aliyekuwa amevushwa ukuta na mashabiki ili awapokee, alifuata mwisho. Vijana wawili walimsukuma kutoka chini na wawili wakamvuta kutoka juu, naye akiguna kama ngamia.

"Pole pole! Hilo ni tumbo, si gunia!"

Nasiba alisahau kalamu mkononi. "Mzee, hawa wana nini?"

"Wiki ya mechi kubwa mtu wa Nyota hapiti getini," alisema Mzee Shoeb kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba jua huchomoza mashariki. "Mwaka mmoja tulizikiwa kitu pale chini. Tulifungwa mabao saba, na kipa akavunjika mguu. Tangu siku hiyo, ni ukuta. Mimi siwezi kuruka, ndiyo maana nimekaa garini. Nikipita hapo, nimeiua timu."

"Na wageni je?"

Jibu lilikuja lenyewe. Basi jipya la Kilifi lilisimama, na Jimmy, kijana mwenye miwani ya jua, akashuka na kupita katikati ya geti huku akiwapungia watu mkono.

"Kwani geti lina meno?" alisema alipoona wanavyomkodolea macho. "Sisi tuna daktari wa viungo. Nyinyi mna geti."

Umati uliokuwa ukingoja habari za kadi ulilipuka. "Mwizi huyo! Mwizi!" Jiwe la kwanza likampita Jimmy sikioni. Kiponda alimkamata mkono, akamkimbiza hadi kwenye Landkruza ya polisi nje ya geti na kumfungia ndani. Watu wakashangilia, wakidhani amekamatwa.

"Mtoeni!" walipiga kelele. "Tumalizane naye hapa hapa!"

Nasiba hakuwa na shaka tena juu ya Jimmy. Mtu aliyepita getini akicheka mchana hawezi kuliogopa usiku akiwa peke yake. Mwizi alikuwa mtu wa Nyota, mwenye ufunguo. Mzee Shoeb hakuweza kupanda hata kitanda. Tsuma alihitaji vijana wanne.

Akaenda kumtafuta Bwana Seif.

Alimkuta ndani ya uwanja, chini ya kivuli cha ukuta, kanzu yake safi na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa anautazama kupitia geti umati uliozunguka Landkruza, na midomo ilikuwa imemkauka.

"Shikamoo, Bwana Seif. Mkono umefanya nini?"

"Marahaba. Nazi, mama. Nilikuwa nakuna nazi, mbuzi ikanikata."

"Ikakukata wapi?"

"Hapa." Alionyesha kiganja.

"Bwana Seif, mimi nimekuna nazi tangu miguu yangu haijafika chini. Mbuzi hukwangua vidole. Haichani kiganja. Na kiganja cha kushoto ndicho unachoegemeza ukutani ukivuta kamba kwa mkono wa kulia."

Seif aliuvuta mkono, akauficha ndani ya kanzu.

"Toroli ni la nani?"

"La jirani."

"Damu yako iko juu ya jiwe kule. Maabara itasema, lakini maabara ina foleni, na wale pale hawana subira." Kelele zilikuwa zimepanda. Mtu alikuwa anapiga boneti ya gari kwa fimbo. "Wakimvunja Jimmy kichwa, hiyo si kesi ya kadi tena."

"Hana hatia yule," Seif alisema polepole. "Mtoe, mama. Ni mimi."

"Sanduku liko wapi?"

"Jikoni kwangu, nyuma ya magunia. Mke wangu anadhani ni jezi za kufua."

Nasiba alimtuma Kiponda alilete kwa toroli lile lile la jirani, kisha akamgeukia Seif.

"Sasa niambie. Ulitaka timu yako ishindwe, si ungepita getini tu? Ungemaliza kazi bila kubeba kitu."

Uso wa Seif ulijikunja kana kwamba ametukanwa. "Washindwe? Wallahi, kamwe! Nilitaka wasicheze. Wakicheza watashinda. Nawajua."

"Na wakishinda?"

"Tunakufa."

Alimweleza haraka haraka, kama mtu aliyelibeba jambo hilo muda mrefu bila pa kulitua. Daraja la juu lilikuwa na safari za Kisumu na Bungoma, basi na vitanda vya watu wote. Kila mechi ya nyumbani ilitaka gari la wagonjwa, walinzi na malipo ya marefa. Mapato ya mlangoni? Mambrui nzima hutazama mpira juu ya mapaa.

"Niliwahi kuwa mweka hazina wa timu moja kule Kakuyuni. Ilipanda. Vijana walilala stendi, wakacheza na njaa, wakafungwa kila Jumapili. Wazuri wakachukuliwa na wenye pesa. Mwaka ulipoisha uwanja uliuzwa kulipa madeni. Leo panalimwa mahindi. Na sisi, mama, Jumatatu Mzee Shoeb anakwenda Kilifi kuweka hati ya uwanja huu rehani benki, tukishinda leo."

"Hukuwaambia?"

"Nilisimama mkutanoni mara tatu. Kila nikitaja dizeli, walianza kuimba."

Nasiba alimshika mkono, akampeleka ukutani, akamwamuru aruke. Mwenyewe alipita getini, bila kujali waliomwangalia. Nje, mbele ya Mzee Shoeb, wachezaji na umati, alimfanya Seif arudie kila neno.

Hakuna aliyeimba.

"Mzee," Randu nahodha alisema, "ni kweli uwanja unawekwa rehani?"

Mzee Shoeb alijishughulisha na mkongojo wake. "Mkutano ulikubali."

"Mkutano ulikubali kupanda daraja. Rehani hatukuisikia."

"Ningepata pesa wapi, mwanangu? Dukani nimeuza hadi misumari."

Kiponda alirudi akisukuma toroli. Tsuma alilifungua sanduku, akazihesabu kadi, akaanza kulia.

"Tunacheza," Randu alisema. "Tukishinda, hiyo hati haitoki nyumbani kwako mpaka kila mchezaji ajue gharama ya kupanda daraja. Ikitushinda, tutakataa nafasi, na wa pili aichukue. Tunaelewana?"

Mzee Shoeb alimgeukia Seif. "Jumatatu siendi Kilifi," alisema.

"Na wewe," Nasiba alimwambia Seif, "ukweli wako haufuti wizi. Ingia garini. Utaandika maelezo kituoni."

"Sasa hivi?"

Nasiba alitazama saa. Wachezaji walikuwa wanaruka ukuta tena, sasa wakiwa na jezi. Jimmy, aliyetolewa garini, alipita getini kwa haraka na bila neno.

"Mechi ikiisha," alisema.

Walikaa wote wawili ndani ya Landkruza, wakitazama kupitia geti. Kilifi walikuwa na viatu vizuri na pumzi ndefu. Nyota walikuwa na Randu. Karibu na mwisho, mabao yakiwa sare, mpira ulimwangukia mguuni, mbele yake kipa tu.

Nasiba alimtazama mtuhumiwa wake. Alitaka kujua. Seif alikuwa ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mkono ule ulio na kitambaa, hapumui.

"Unataka afunge au akose?" Nasiba aliuliza.

Wavu ulitikisika, na kabla uwanja mzima haujatambua kilichotokea, Bwana Seif alikuwa amekwisha kuruka na kugonga kichwa kwenye paa la gari, akipiga kelele za furaha peke yake.